Mwopoaji wa Pia

Tangu azikwe Awang Noh, mwenzake wa kucheza pia, Pok Deraman, yaani Mzee Deraman, alikuwa akienda kwenye kibanda cha mchezo peke yake kila alasiri, amekumbatia pia yake kifuani. Mpunga ulishavunwa, na huo ndio wakati wa vijiji vya Kelantan, kule Malaysia, kushindana: pia ya nani itazunguka muda mrefu zaidi juu ya kigingi. Na pia yenyewe si ya kitoto. Ni gogo bapa lililovishwa pete ya madini ya risasi, zito la kumchosha mtu mzima. Mmoja huizungushia kamba na kuirusha kwenye udongo. Mwenzake huiopoa mbiombio kwa ubao mwembamba wenye mpini, akaiweka kigingini. Deraman alikuwa mrushaji. Sasa akirusha, pia huvuma pale chini bila wa kuiopoa, inachoka, inalala. Aliitazama mpaka mwisho.

Asipopata vijana, mwaka huo kijiji chake kisingeingia uwanjani. Basi akameza kiburi, akaenda kwenye kibanda cha chai cha Mek Som, ambako vijana hukaa wakila wali kwa jicho moja, jingine liko kwenye simu. Syahmi, fundi pikipiki, hakukawia kumchokoza.

"Pok, hilo dude nalo linachajiwa?"

"Linataka mkono," alisema Deraman. "Wako naona umebaki kidole gumba tu."

Walicheka, na utani ukawavuta. Kesho yake walikuja watatu, na wote walitaka kurusha. Nani aote kuwa mwopoaji, wakati anayeshangiliwa ni mrushaji? Ilibidi Deraman ambembeleze Aiman, aliyekuwa mpole kuliko wenzake, mpaka akakubali kushika ubao.

"Haya Pok, nielekeze," Aiman akasema. "Naanzaje?"

Deraman akautazama ule ubao. Miaka yote ile, akisharusha tu, aliwageukia watazamaji kifua mbele, apokee makofi yake. Nyuma yake Awang alikuwa ameinama, akifanya alichokuwa akifanya. Hakuwahi kugeuka amtazame. Wala kumuuliza hakuwahi.

"Sijui," alisema. Uso ulimwiva kwa aibu. "Aliyejua nimemzika."

Vijana wakatazamana. Syahmi akauliza kama basi wajiendee zao. Deraman akaiangalia kamba, ile kamba ambayo hakuwahi kumwachia mtu, akamtupia.

"Rusha wewe. Ubao nipe mimi."

Alianza moja, uzee wake wote ule. Pia ilimponyoka, ikamgonga ugoko, ikamfukuza uwanjani huku Aiman akijiuma midomo asicheke. Aliporudi nyumbani alilala kifudifudi kwa maumivu ya kiuno. Lakini alirudi tena na tena, hadi alasiri moja ubao ukapita sawasawa chini ya pia aliyoirusha Syahmi, akainyanyua, akaiweka kigingini, nayo ikatulia ikivuma.

Kijiji kilikuwa kimepata pia ya kuingia nayo uwanjani. Vijana walimrukia Syahmi, wakampigapiga mgongoni, wakampeleka kwa Mek Som wakamnunulie chai. Hakuna aliyegeuka nyuma. Wala si ubaya, furaha iliwazidi.

Deraman alibaki ameinama kando ya kigingi, akitazama migongo yao ikienda. Kumbe hivi ndivyo Awang alivyouona mgongo wake yeye Deraman, miaka nenda miaka rudi, bila kulalamika hata kidogo. Machozi yakamtoka.

"Awang," akaita polepole. "Twende tukanywe chai."