Askari na chai ya mchaichai

Juma hili tuliposhuka kwetu ng'ambo ya ziwa na mashua iliyotoka Kigoma, askari wa bandari alichomoa majani makavu katika mzigo wa mama mmoja, muchuuzi wa chai.

“Sitwayeni, hii ni bangi!” akafoka, akimwita mama ‘raia’ kwa Kifaransa cha ofisini.

“Hapana, njo mchaichai, ni majani ya chai tu. Unipe maji ya moto, utaona.”

Birika lilikuwa tayari juu ya mbabula ya makaa ya askari. Mama akatia majani, akamimina, akanywa yeye kwanza, kama kwetu anavyofanya kila anayemupa mugeni kinywaji. Askari hakuridhika. Akaninyooshea kidole.

“Papa, na wewe.”

Nikanywa. Ilinukia ndimu lakini haikuwa na uchachu wake, ikateremka laini. Nikangoja kichwa kizunguke. Hakikuzunguka.

“Njo chai,” nikasema, na mustari wote wa wasafiri ukashusha pumzi.

Askari akapuliza kikombe chake, akakimaliza, akakitazama ndani. Safari hii alisahau kusema sitwayeni.

“Mama, ya tangawizi haukuleta?”

Alileta. Ilituchoma koo vizuri sote, na hakuna mzigo mwingine uliofunguliwa, hata wangu. Ninyi munaosafiri, tangawizi muiweke juu ya mizigo.