Mashine ya Arobaini na Moja

Mdogo wangu ni fundi wa mitambo ya majengo, na kujiamini amejaliwa mpaka kunamwagika. Siku ile nilitamani kumzaba kofi.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha watoto njiti. Saa nne asubuhi kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi ishirini na mbili. Nikampigia.

"Dada, kompyuta yangu inasema ishirini na sita. Mambo shwari."

"Shwari ya wapi! Njoo uguse miguu ya hawa watoto!"

Akaja mbio na kompyuta kwapani. Tulishawalaza watoto vifuani mwa mama zao, blanketi juu. Mmoja, wa kilo moja na robo, alikuwa ameacha kulia. Niliogopa, sifichi.

"Hii ishirini na sita ni ya jana!" akamaka. "Imeganda tangu nilipobadilisha mashine ya joto ya chumba chenu."

Mashine zake hupokezana zamu kama wakimbiaji wa vijiti. Asiye na kijiti hasemi. Yetu ilitaka kuomba maji ya moto ya kupasha chumba, ila tangu ifungwe haijapata kijiti.

"Uliipa namba gani?"

"Arobaini na moja. Namba ya mashine marehemu sirithishi, unanijua." Kisha akashika kichwa. "Mungu wangu! Mpaka!"

Wiki iliyopita aliwekea namba za mashine mpaka wa arobaini, ili kijiti kisipoteze muda kutafuta wasiokuwepo. Alijisifu kwa mama yetu mpaka chai ikapoa. Sasa mashine ya arobaini ikimaliza, inarudisha kijiti kwa ya kwanza. Yetu haiitwi kamwe.

"Rekebisha, maneno baadaye!"

Akaifungua ya arobaini kwenye kompyuta, akabadilisha namba moja tu, ile ya mpaka. Tukasubiri. Nilishika bomba la maji ya moto: baridi. Nikashika tena: baridi. Mara ya tatu likawa vuguvugu.

Nusu saa baadaye yule mtoto wa kilo moja na robo akalia. Lo, sijawahi kupenda kelele namna ile.

"Kwani mashine iliharibika?" mama yake akauliza.

Nilimkonyeza mdogo wangu akubali, yaishe.

"Hapana, mama," akasema. "Kosa ni langu. Nilihesabu nikaishia arobaini. Mwanao alikuwa wa arobaini na moja."

Yule mama akamvuta mtoto kifuani.

"Basi hesabu tena," akasema. "Hapahapa, nikikuona."