Pwani ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameshang'oka, niliamini kwamba maji ya Lualaba humsikia mtu akisema "yangu." Aliyenifundisha ni bibi mzaa mama, mkulima wa Nyangwe. Kila kiangazi mto ulipopungua uliacha kando yake udongo mweusi, na udongo huo tuliuita pwani. Watu walipanda maharage pale, lakini kwa mwiko: hakuna kusema "shamba langu." Ni pwani ya mayi, yaani ya maji yenyewe, na konzi ya kwanza ya mavuno hutupwa mtoni.

Mwaka mmoja mjomba alirudi kutoka Kasongo na kalamu mbili mfukoni, zote hazina wino. Bibi akamgawia nusu ya pwani. Mjomba akapanda, kisha akasimika kibao chenye jina lake.

"Toa jina lako hapo," Bibi alimwambia. "Mayi iko inasikia."

"Mama, mayi haina masikio."

"Haina. Lakini iko na miguu."

Maganda yalipoanza tu kugeuka manjano, Bibi alikaa asubuhi mbili ukingoni akitazama maji. Siku ya tatu akatuamuru tuvune upande wake wote. Mbegu zetu za msimu uliofuata zilikuwa mle. Tuling'oa mashina mazima tukayatundika juu ya jiko yakaukie moshini, majirani wakicheka.

"Muache mama akule majani," mjomba alisema. "Miye nangoja ikauke."

Siku ya tano, mchana kweupe, bila tone la mvua Nyangwe, mto ulipanda. Kibao kilielea, kikaondoka na jina lake. Jioni mjomba alikuja kuomba mbegu. Bibi akamjazia kikapu.

"Kamata. Lakini usiandike kitu."

Chuo kikuu walinifundisha kwamba mto hupandishwa na mvua za mbali, huko unakotoka. Bibi alikuwa ameshanionyesha: povu ukingoni, maji yaliyogeuka rangi. Mwiko ulimlazimu tu mtu kukumbuka kwamba pwani ni ya mto, aendelee kuutazama.

Siku hizi wenye karatasi za ardhi hunijia wakitaka kujua pwani ile ni ya nani. Nawaambia pwani ni ardhi ambako mto umetoka kidogo, utarudi. Hucheka kama mjomba. Kama maji yanasikia kweli, sijui. Ila nikiwa kule "yangu" hainitoki mdomoni. Pale pwani, wangu ni mmoja tu: yule bibi.