Nilivyomficha mtu wa kofia ya njano, ukumbi mzima wa Buyenzi ukanigeukia

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Nitaeleza mambo kama yalivyokuwa, hata pale yanaponitia aibu.

Mimi naandika riwaya. Ni ya kwanza, bado haijachapwa.

Tuna kundi la wasomaji wanane, tunakutana Kigobe kila Jumapili na kusomeana kazi zetu. Riwaya yangu inamhusu dereva wa lori anayeteremka kutoka milima ya Bugarama kuja Bujumbura na kufia kwenye kona. Kifo hicho nilikificha mpaka ukurasa wa mwisho.

Mara mbili niliwasomea, mara mbili wakaishia kuchezea simu. Nikapewa nafasi ya tatu, na wakaniambia wazi kuwa ni ya mwisho.

Sasa, jirani yangu Zuena ana ukumbi wa video Buyenzi. Filamu zinakuja kwa Kiingereza, naye anakaa kando ya skrini na maikrofoni, anazitafsiri papo hapo kwa Kiswahili chetu. Jumamosi, siku moja kabla ya kikao chetu, mafua yalimkausha sauti.

"We si unajua Kiingereza? Kuja unishikie maiki. Ni filamu ya papa tu."

"Dada Zuena, mi siandikaka mambo ya samaki."

"Nani amekuambia uandike? Sema tu."

Nikiri: filamu hizo nilizidharau. Msichana anaogelea, muziki unabadilika, damu, basi.

Ukumbi ulijaa mchana ule. Akina mama walikuwa na ndagala za kukaanga kwenye vipande vya gazeti, wakitafuna samaki huku wakimngoja samaki atafune watu.

Filamu ikaanza. Mtu wa kofia ya njano akasimama ukingoni mwa boti, anacheka. Zuena alishaninong'oneza kuwa huyo ataliwa, lakini mimi fundi wa suspense, wa kuwaweka watu roho juu, nikanyamaza makusudi. Akaruka. Papa akamchukua.

Nilitegemea mayowe ya hofu. Mayowe yakaja kweli, ila yalikuwa ya kunizomea mimi.

"Apana! Mbona hukutuambia?" Mama mmoja alisimama na ndagala zake.

"Nilitaka mshtuke, mama."

"Tushtuke nini? Mutu amekufa hatujamuaga!"

"Rudisha nyuma!" wakadakia wengine.

Zuena akarudisha. Akaninyang'anya maiki, akasema kwa sauti yake iliyokwaruza: "Munaona huyu wa kofia ya njano? Huyu anakufa. Amebakiza dakika tatu."

Wakuu, ilikuwa sehemu ileile. Lakini sasa kila alichofanya yule mtu kiliuma. Alivua shati, akalikunja vizuri, kama mtu atakayelivaa tena.

"Usiruke, we mujinga!"

"Si una bibi na watoto nyumbani!"

Aliporuka na miguu yake ikagusa maji, ukumbi mzima ukainua miguu kutoka sakafuni. Sakafu ya saruji, kavu kabisa. Nilikuwa nimekalia kreti ya soda. Nikatazama chini, na miguu yangu pia ilikuwa juu.

Niweke jambo moja kando. Ziwa letu halina papa. Lina mamba na viboko, na kiboko akipanda barabarani hakuna anayekata tiketi kumtazama, watu wanakimbia tu. Papa ni hofu ya mbali, inalika kama bisi. Ikiisha unakung'uta mikono, unarudi nyumbani ukiwa mzima.

Jioni ileile nilichukua kifo cha ukurasa wa mwisho wa riwaya yangu, nikakifanya sentensi ya kwanza.

Jumapili nikawasomea: "Dereva huyu hatafika Bujumbura."

Kisha nikaendelea taratibu. Anafuta kioo. Anamnunulia mkewe kabichi. Anabishana na muuzaji, anashinda, anafurahi.

Hakuna aliyegusa simu.

Kwenye ukurasa wa tano mwalimu mmoja mstaafu, mkali kuliko wote pale, aliinua mkono.

"Mwambie asipande hiyo lori."

"Hanisikii, mwalimu."

Akashusha mkono. "Basi soma."

Nilichojifunza: nilidhani msomaji anashikwa na asichokijua. Kumbe anashikwa na anachokijua, akiwa hana namna ya kumfikishia anayekufa. Nilikuwa nawanyima watu nafasi ya kupiga kelele.

Nyinyi mnaorudia filamu za papa mkijua kila atakayeliwa, huwa mnarudi kuangalia nini? Nasoma kila jibu, hata la kunicheka.