Mashine yangu ya kuchimba crypto ilivyonitoa jasho Igombe: niligusa settings zote isipokuwa moja

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si rafiki yangu. Ningekuwa na rafiki wa kumsingizia, ningemsingizia.

Naishi Igombe, nje kidogo ya Mwanza mjini. Nilikuwa na pikipiki nzima kabisa. Nikaiuza, nikanunua kadi za graphics za kompyuta, za mtumba, nikazifunga kwenye fremu ya mbao. Mashine inapiga mahesabu mfululizo, wewe unalipwa sarafu za mtandaoni. Ndiyo watu wanaita kuchimba.

Mke wangu Neema hakutaka pikipiki iondoke. Nikamwambia, "Nipe muda tu, utanishukuru."

Feni ziliponguruma mara ya kwanza, nilijiona injinia.

Baba mkwe akaja kutoka Nansio kutusalimia. Baada ya shikamoo na chai, nikampeleka chumbani kwa mbwembwe.

"Baba, huu ndio mgodi wangu."

Akachungulia huku na huku. "Sasa shimo liko wapi?"

Nikamweleza hakuna shimo, ni hesabu. Akaweka kiganja juu ya kadi, akakitoa haraka. "Basi hizo hesabu ni ngumu."

Hapo hapo mashine ikazima. Nikawasha, ikazima tena. Nikamwambia mzee inapumzika.

Hapo ndipo nilipojua sijui.

Nikapunguza umeme wa kadi. Nikashusha spidi ya memory. Nikabadilisha driver, ile programu inayoendesha kadi, nikafuta software yote nikaanza upya. Nikalaumu aliyeniuzia, nikalaumu intaneti, nikalaumu jua.

Mwisho nikaitazama kwa karibu. Wakuu, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa kama moshi, walikuwa wamejaa kwenye mapanga ya feni, wamegandana kama dagaa walionyeshewa. Dirisha nililiacha wazi mwenyewe ili upepo wa ziwa upoze mashine. Akili zangu hizo.

Nikasafisha kwa brashi, nikafunga wavu dirishani. Mashine ikatulia, ikafanya kazi bila kuzima.

Tatizo likabaki moja: wallet yangu, yaani pochi ya mtandaoni, haikuingiwa na kitu.

Kwenye screen kazi inapokelewa vizuri. Kwenye pochi, ukame. Neema akaanza kuniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulinitisha zaidi ya ukali. Mimi nikarudi kuchezea spidi za feni.

Mchana mmoja nikaamua kusoma faili la settings mstari kwa mstari. Nikafika pale panapoandikwa anwani ya kulipwa. Nikailinganisha na yangu.

Hata herufi za mwanzo hazikufanana.

Wakati wa kufunga mashine nilinakili maelekezo chini ya video ya jamaa mmoja. Nikanakili yote. Pamoja na anwani yake! Pikipiki yangu, umeme wangu, jasho langu, namchimbia mtu nisiyemjua.

Nikamwandikia. Akajibu fasta: "Kumbe ni wewe! Asante sana ndugu. Zile siku ulikuwa unazima nilipata wasiwasi."

Hakurudisha hata senti.

Nikaenda kumwambia Neema. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo mapajani, akauliza, "Yaani ulikuwa na bosi na hukujua?"

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Nikacheka naye, ila nusu yangu ilikuwa kilio.

Anwani nimerekebisha, sasa vinaingia vijisenti. Baadhi ya kadi nimemuuzia jamaa anayehariri video za harusi pale Nyamagana. Sokoni naenda kwa miguu, nabeba kikapu, sinung'uniki.

Nilichojifunza: kabla hujagusa settings za ufundi, soma kwanza anayelipwa ni nani. Na ukinakili kitu cha mtu, jua unanakili na tamaa zake.

Waliowahi kupigwa namna hii, karibuni mshuke na ya kwenu. Neema kaomba nimsomee comments zote, kwa hiyo tafadhali msinionee huruma, mtamharibia raha.