Singo Isiyoonekana

Nisikilize taratibu, wewe unayetaka kujifunza kupiga video, maana kosa hili hulifanya mtu anayeipenda kazi yake.

Mwanga nilijifunza kwa Mmarekani ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa mpiga picha wa sinema, tayari mzee nilipoanza kumfuatilia. Katika chumba changu cha kupanga Kimara nilitazama filamu zake peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Nilisoma kwamba alianza kwa kubeba masanduku ya lenzi za wengine, na kwamba mabosi walimlalamikia: nyuso hazionekani. Hakubadilika. Wenzake walipowasha taa nyingi, yeye aliwasha moja, na mwishowe wakamwiga. Nikamfanya mwalimu wangu. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari za mwanga.

Jirani yangu, mama wa Kipwani, aliniita mwanangu, na kila Ijumaa alinigongea mlango na sahani ya pilau. Binti yake alipoposwa, aliwekwa ndani siku saba akisuguliwa singo, ule unga wa liwa na manukato unaong'arisha ngozi ya bibi harusi. Singo hiyo aliitwanga mama yake mkubwa aliyemlea, kule Tanga. Mwenyewe hakuweza kuja. Miguu ilishakataa safari.

"Mwanangu," jirani akaniambia aliponiomba nimpigie video, "mie nataka kitu kimoja tu. Dada yangu aione nuru ya mtoto."

Nikadhani nimeelewa. Siku ya kumtoa ndani, wanawake peke yao, nikazima taa zote na kufunga mapazia, nikabakiza dirisha moja. Nusu ya uso wa bibi harusi ikazama gizani.

"Sista, hii video ya harusi au ya wachawi?" mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

"Subirini muone," nikajibu.

Bibi harusi akaondoka na mumewe. Video ilipofika Tanga, mama mkubwa akapiga simu. Jirani akaweka spika pale uani, ili nami nisikie ninavyosifiwa.

"Nyie, mbona mmeniletea kivuli? Mtoto yuko wapi?"

"Si huyo, dada, kakaa dirishani."

"Macho yangu haya yameingia ukungu, mdogo wangu. Singo nimeitwanga kwa mkono wangu. Basi niambie tu, imemkubali?"

Nikakimbilia chumbani, nikaongeza mwanga kwenye kompyuta. Zikatoka chenga tupu. Elewa hapa: kile ambacho kamera haikukiona, hakuna kitufe cha kukirudisha. Na nuru ya singo ni ya siku chache. Jirani alikuwa ameniomba ngozi ya mtoto ing'ae, iliyosuguliwa siku saba. Mimi nikampa mwanga wa sinema, wa kutazamwa na wenye macho mazima.

Hakunigombeza. Ijumaa iliyofuata sikusikia hodi, wala iliyofuata hiyo. Tukikutana bombani nampa shikamoo.

"Marahaba, dada," anaitika, kisha anainama kwenye ndoo yake.

Yule mzee bado nampenda, yeye na giza lake, sikudanganyi. Nawe mtazame, utajifunza mengi. Ila kabla hujazima taa hata moja, muulize mwenye shughuli ni nani ataitazama video hiyo, na macho yake yanaona vipi.