Mjane wa Kifaranki na Nyumba ya Mama

Mimi nasomesha historia chuoni Nizwa, huku Omani, na mama yangu mpaka leo haelewi kwa nini mtu mzima alipwe mshahara kwa kueleza habari za watu waliokufa. Yeye kazi hiyo ameifanya maisha yake yote, kwenye kahawa ya saa kumi na majirani zake hapa Ibra, na hakuna aliyemlipa.

Wikiendi moja nilikuwa natayarisha somo la bibi mmoja wa Kifaranki. Hao Wafaranki ndio waliotawala Ufaransa kabla haijawa Ufaransa. Nikamsimulia mama jikoni, yeye anageuza mkate wa kumimina, mimi namenya saumu. Nikamwambia bibi yule alifiwa na mume, mfalme akataka kumwoza kwa mtu wake ili ardhi aliyoachiwa isimtoke mkononi. Bibi akakataa. Nyumba yake akaifanya makazi ya wanawake wa ibada, binti yake akawa mkuu wao, basi tena hakuna wa kumgusa.

"Watoto wake walinyonyeshwa na nani?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Mawifi zake?"

"Walikuwa wanaitolea macho ardhi."

"Mawifi tena. Na yeye mwenyewe akipika nini?"

"Vitabu havisemi."

"Basi walioviandika wanaume," akasema, akaendelea na mkate wake. Maneno yale niliyapeleka darasani kama yalivyo, na wanafunzi wangu hawajawahi kunisikiliza vile.

Sasa, mama naye ni mjane. Baba alipokufa alibaki peke yake kwenye nyumba ile, na siku aliyoteleza bafuni, kaka yangu mkubwa aliye Sur akaamua: nyumba ifungwe, mama akakae kwake. Kaka hana ubaya, anampenda mama mpaka inaudhi. Lakini mama hataki. Sur atapewa chumba chenye baridi ya mashine, na televisheni kubwa, na wajukuu wanaomjibu kwa Kiarabu akiwasemesha Kiswahili. Ibra ana wenziwe, wote wa kule kule alikotoka, Unguja na Pemba, wanaogombana naye kwa lugha yake. "Wataniweka kama mgonjwa," aliniambia, na mara ya kwanza tangu matanga ya baba nikamwona anafuta macho na upindo wa kanga. Nilikasirika sana, ila hasira za binti wa mwisho kwetu hazihesabiwi.

Ikabidi aitwe ami yetu kutoka Izki aje akate shauri. Huyu ni mdogo wake baba, na ana maradhi mamoja: nasaba. Hajazaliwa mtu ambaye ami hajui babu yake nani na shangazi yake kaolewa wapi. Ukimtajia mtu asiyemjua atakwambia anamjua, na ukimbishia atakutajia na wewe usiyoyataka kuyasikia.

Tukakaa majlisini, sebule ya wageni. Shikamoo zikaisha, halwa ikapita, kaka akasema yake kwa adabu. Ami akawa anatikisa kichwa kukubali. Nikaona nyumba inakwenda hivi hivi. Hapo mama akamimina kahawa akasema, taratibu kabisa:

"Mimi nataka kufanya kama yule mama mjane, anayesemwa na mwanangu. Nyumba yake aliigeuza mahala pa ibada pa wanawake. Hakuna aliyemhamisha."

"Mama gani huyo?" akauliza ami. "Bint nani?"

Mama akanigeukia mimi. "Mwambie ami yako."

"Ami, huyo ni mtu wa zamani sana..."

"Wa zamani ndio ninaowajua mimi. Kwao wapi?"

"Kaskazini," nikasema, maana ni kweli. "Karibu na mto."

"Mumewe?"

"Alikuwa mtu wa kwa mfalme."

Ami akaweka kikombe chini. "Khalasi. Nawajua. Kaka yake alikuwa na duka la karafuu Wete, mwenye mguu mbaya. Watu wa heshima wale, wallahi, watu wa dini."

Kaka akanitazama. Anajua fika mimi nasomesha nini. Lakini nani atamwambia ami yake, mbele ya kahawa, kwamba amemtambua mtu aliyekufa Ulaya kabla Mji Mkongwe haujajengwa? Akala halwa.

"Kama wao walifanya," akasema ami, "si aibu na sisi tukafanya. Mwacheni mama yenu asomeshe wanawake Kurani humu ndani."

Mama akamwongezea kahawa, mpaka ami mwenyewe akatikisa kikombe kuonyesha imetosha.

Kaka hakukata tamaa mara moja. Alhamisi moja alikuja na pikapu kutoka Sur, njia yote ya kupitia mji wa Kamil na Wafi, achukue angalau kabati na godoro, akidhani mama atalainika akiona vitu vinatoka. Akakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni hata pa kukanyaga hapana. Ndani wanasoma kwa sauti, na mama anawarekebisha kama askari. Mwanamume hawezi kuingia. Kaka akakaa garini kwenye jua, na mama akampelekea kahawa na mkate dirishani kwa mkono wa jirani. Walipofika kwenye dua jua lilikuwa limeinama, naye akaondoka na pikapu tupu.

Akanipigia simu akiwa njiani. Nilikwishajitayarisha kumcheka.

"Mama kaniulizia?" akasema.

Nilikuwa na mama humo humo ndani, anacheka na wenziwe mpaka mtandio umemdondoka, wala hakuwa na habari kama mtu kaondoka.

"Kakuulizia sana," nikamwambia.